Vipimo Vinane Nyuma ya Pazia Jeusi

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Nimesema uongo mwingine. Sikukusudia. Mama alikuwa anachambua mchicha mlangoni, akaniuliza, bila kuinua macho, sasa huko ukumbini, na nyinyi ni wengi hivyo mnapuliza na kugonga kwa pamoja, mzazi atajuaje sauti ya mtoto wake ni ipi? Nikamwambia atajua tu. Pana mahali wenzangu wote wananyamaza, napiga peke yangu.

Peke yako? Peke yangu, Mama.

Akaacha mchicha. Akaenda kwenye ua kumwambia jirani. Kufikia saa kumi habari ilikuwa imefika Riruta, kwa akina mama wa kikundi chake cha sala. Wako kumi na mmoja. Wanakuja wote Jumamosi, siku ya mwisho ya mchezo. Mmoja anashona kitambaa kipya cha kichwa kwa ajili yangu!

Ukweli nauandika hapa, kwa Kiswahili, kwa sababu kila nikiandika Kiingereza naona kalamu nyekundu ya mwalimu ikinijia. Mahali pa kupiga peke yake papo kweli. Ni vipimo vinane vya muziki, mwanzo wa Wimbo wa Barua katika mchezo wetu. Lakini ni vya Haron.

Haron ana miaka kumi na saba, kwao Dagoretti, naye hupiga tarumbeta ya kwanza. Mimi, Dalmas, miaka kumi na sita, napiga ya pili. Kazi ya tarumbeta ya pili ni kuitikia "ndiyo, ndiyo" kila ya kwanza ikisema neno.

Zimebaki siku tano za kupata vipimo vinane. Watu wamepata makubwa kuliko hayo kwa muda mfupi.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi asubuhi ndani ya stoo ya kuni, tarumbeta nimeivika soksi ya Baba. Baba ni mpishi kwa Mzungu mmoja hapa Hurlingham, nasi tunakaa nyumba ya nyuma. Memsabu, mke wa Mzungu, analala baada ya chakula. Asubuhi halali, ila anaumwa kichwa. Soksi haitoki mdomoni mwa tarumbeta siku yoyote isipokuwa siku ya kufuliwa.

Mpango wa kwanza: miwa. Haron anapenda muwa kuliko anavyopenda watu. Na kila mpiga tarumbeta anajua midomo ikichoka hakuna sauti. Nikanunua muwa mrefu kuliko mimi, nikaubeba hadi mjini ndani ya basi, nikiomba radhi kila kona. Nikampa Haron kabla ya mazoezi. Nikasema ni zawadi. Akaniangalia. Akauliza leo ni Krismasi ya nani.

Akaula karibu wote. Kisha akapiga vipimo vinane kama malaika aliyeshiba. Akasema sukari inampa pumzi.

Kipande kilichobaki nilikula mimi, kwa uchungu. Ganda likanichana mdomo wa chini. Haron akasema, "Pole, ndugu yangu. Hii tarumbeta yako leo inalia kama ng'ombe imeachwa na wenzake." Watu wa fidla wakacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo maana mdomo ukachanika zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili: nimeamua kuwa mwaminifu. Nitamwomba Bwana Mutiso mwenyewe.

Bwana Mutiso ndiye kiongozi wetu. Mchana ni karani wa mizigo. Jioni ndiye aliyetunga Bi Harusi wa Stesheni, maneno na nyimbo zote. Ni habari za stesheni masta anayemngoja mchumba wake, na mchumba amepanda treni ya Kisumu badala ya ya Mombasa. Watu wanacheka sana. Nyokabi, anayeimba kama mchumba, akifika kwenye Wimbo wa Barua hawacheki tena. Wanatoa leso. Na kinachofungua wimbo huo ni ile tarumbeta.

Nilipanga sentensi yangu tangu asubuhi: Bwana Mutiso, naomba Jumamosi nipige mimi vile vipimo vinane. Niliisema mara ishirini kwenye basi, midomo ikicheza, hata mzee mmoja akahama kiti. Nikafika mbele yake. Akanyanyua miwani akasema, "Ehe, kijana?"

Nikasema, "Bwana Mutiso, naomba ufagio."

Nimefagia ukumbi wote. Amenisifu mbele ya watu. Amesema vijana wote wangekuwa kama Dalmas, nchi ingekuwa mbali.

Mchezo wa leo ulijaa. Haron hakukosea hata mara moja. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo.

Sasa nikiri lingine, maadam niko faraghani. Sisomi nota. Yaani zile za mistari mitano, zenye vichwa vyeusi kama viluwiluwi. Siku ya kuchaguliwa Bwana Mutiso aliuliza, mnasoma nota? Nikasema ndiyo. Shuleni na kanisani tumefundishwa do re mi, za herufi, basi nilijiambia kusoma ni kusoma. Tangu siku hiyo, wiki sita sasa, namsikiliza Haron, nabahatisha, kisha nyumbani naandika do re mi kwa penseli chini ya kila kiluwiluwi. Vipimo vinane pia nimeviandikia. Ingawa si vyangu. Penseli ni yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama ameongeza. Sasa napiga peke yangu, nimesimama, na taa imenimulika. Sijui taa imetoka wapi.

Mpango wa tatu. Huu ni mzuri! Nimeuona nikiwa nimelala.

Ukumbi wetu hauna shimo la wapigaji mbele ya jukwaa, kama Bwana Mutiso alivyosoma kitabuni. Kuchimba amekatazwa. Kwa hiyo ametundika pazia jeusi mbele yetu, la kitambaa kizito cha wakati wa vita, sisi tukae nyuma yake. Amesema okestra isikiwe, isionekane. Basi anayepiga hajulikani. Sasa nikitoboa tundu mbele ya kiti changu peke yake, akina mama wataniona mimi. Haron atapiga, hawamwoni. Mimi nitaweka tarumbeta mdomoni, nitavimbisha mashavu, nitafumba macho. Sauti ni ya Haron, mashavu ni yangu. Nani ameibiwa? Haron atabaki na vipimo vyake. Mama atabaki na mwanawe.

Leo nimekwenda mapema na wembe wa Baba. Nilikusudia tundu la ukubwa wa shilingi. Kitambaa cha vita hakikatiki vizuri. Limekuwa kama kisahani cha chai. Nimekaa nyuma yake, nikamwomba Lornah, mwalimu anayetupigia piano, apite mbele aniambie anaona nini. Akasema anaona kijana mwenye hatia.

Hata hivyo, ananiona. Limefanya kazi.

Nimempangia Mama viti mstari wa tatu, katikati. Kutoka hapo tundu liko sawasawa na uso wangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mazoezi ya mwisho, na Bwana Mutiso ameomba ruhusa kazini. Haron hakutokea saa nane. Wala saa nane na nusu.

Niandike kweli. Kwa dakika kumi hivi nilifurahi. Bwana Mutiso alitazama saa, akanitazama mimi, akasema Dalmas, kama Haron hatafika kesho... Moyo ukaruka hadi kwenye meno. Halafu nikakumbuka Haron anatoka Dagoretti, na sababu za mtu wa Dagoretti kutofika mjini siku hizi za Hali ya Hatari si za kufurahia. Nikaomba Mungu aje. Nikaomba kwa nguvu, maana ile sala ya kwanza huenda ilikuwa imeshafika.

Akaja saa tisa, vumbi tupu. Askari walimsimamisha njiani, wakatazama pasi yake ya kusafiria, wakataka kujua mle ndani ya sanduku refu mna nini. Akawaambia tarumbeta. Hawakuamini. Ikabidi awapigie kando ya barabara. Wimbo wa kwanza wakasema si ushahidi wa kutosha. Wa pili, mkubwa wao akaomba urudiwe. Haron alisimulia huku akicheka. Lakini kufuli ya sanduku ilimshinda mara mbili. Nilimpa maji yangu.

Kisha msiba. Bwana Mutiso akasema kiti changu kina upepo, na Dalmas ana kidonda mdomoni, upepo si mzuri kwa kidonda. Akatubadilisha viti! Haron sasa amekaa mbele ya tundu. Mimi niko kwenye giza kamili, nyuma ya kitambaa kizima. Nikasema upepo haunisumbui. Akasema adabu yangu anaijua, nisijitese.

Kesho mama yangu, pamoja na akina mama kumi na mmoja, watamwona Haron akipiga vipimo vya Haron.

Nyokabi anakohoa. Baridi ya Agosti. Hakuna aliyejali, nami nilikuwa na yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika saa moja jioni. Niende polepole.

Tunauita usiku wa mwisho, lakini ulikuwa saa tisa alasiri, ili watu wa mbali wawe majumbani kabla ya giza. Akina mama walifika saa saba. Nilisikia sauti ya Mama kutoka nyuma ya pazia ikihesabu viti. Halafu ikasema, "Angalieni pale kwenye tundu. Hapo ndipo atakapotokea."

Nilikuwa nimemwambia mimi mwenyewe, Alhamisi. Nilisahau kumwambia tumehamishwa. Hapana, sikusahau. Niliogopa.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Watu walicheka hadi jukwaa likacheka. Kisha mapumziko, na Bwana Mutiso akaja nyuma ya pazia, uso umekuwa kama majivu. Nyokabi amepoteza sauti ya juu. Ya chini ipo, nzuri hata kuliko siku zote, nzito kama uji. Lakini Wimbo wa Barua una mahali panapopanda sana, na hapo hana kitu. Kwa hiyo wimbo ushushwe. Hatua moja na nusu. Zimebaki dakika kumi!

Lornah akasema yeye hajali, anapiga kwa masikio, ushushwe hata chini ya meza. Waweru wa fidla akasema vidole vyake vimezoea mahali pamoja. Akajaribu. Ikatoka sauti ya mlango. Bwana Mutiso akasema basi fidla zote zinyamaze, piano itatosha. Lakini tarumbeta ya mwanzo lazima iwepo; bila hiyo Nyokabi hajui pa kuingilia, na wimbo wenyewe ni barua isiyo na bahasha.

Akamgeukia Haron. Haron akaitazama karatasi yake, nota zimesimama mistarini kama zilivyoandikwa. Jasho. Akasema, "Bwana Mutiso, nipe jioni moja nitaziandika upya. Dakika kumi siwezi. Nikipiga nitaharibu." Kisha akageuza kichwa, macho yake yakaangukia karatasi yangu. Nikaifunika kwa kiwiko. Nilichelewa.

"Bwana Mutiso," akasema, "huyu ana do re mi. Hizo zinahama."

Nikamchukia kwa mara ya kwanza kweli kweli.

Bwana Mutiso akaichukua karatasi. Akaisogeza kwenye taa. Wapigaji wote wananitazama. Akasema, "Kumbe husomi nota."

Ndiyo, bwana.

"Wiki sita."

Ndiyo, bwana.

"Na hapa umeandikia hata vipimo vya mwenzako."

Nikasema penseli ilipitiliza.

Nilikuwa nimeshaanza kufunga sanduku. Nilijua njia ya mlango wa nyuma, nimeufagia. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, "Sasa sikiliza, kijana. Do yako iko wapi?"

Hilo nalijua. Ndilo pekee ninalolijua duniani. Kanisani kwetu Riruta mzee Lazarus, mwongoza kwaya, hutoa do yake kutoka tumboni, na kila Jumapili tumbo lake lina mawazo mengine, inategemea amelalaje. Hakuna kinanda cha kumrekebisha. Miaka mitatu nimemfuata kwa tarumbeta popote alipoiangusha. Nikasema, "Iko popote utakapoiweka, bwana."

Lornah akagonga sauti moja kwenye piano, ya chini. Nikaitafuta, nikaipata. Nikapiga do, mi, sol polepole. Haron akasema, "Haya!" Ni Haron aliyesema. Akanipa leso yake nifute mdomo, kidonda kilikuwa kimefunguka.

Pazia la jukwaa likafunguliwa. Nyokabi akasimama na barua mkononi. Mtu akakohoa Kiriruta.

Sikumbuki vipimo viwili vya kwanza. Nakumbuka tu nilikuwa gizani, hakuna anayeniona, na kwamba jambo hilo, ambalo tangu jana nililililia, lilikuwa jema kuliko yote. Kama wangeniona ningeomba ufagio. Gizani nilipuliza. Cha tatu kikatoka, cha nne. Sikutazama kiluwiluwi hata kimoja. Bila soksi! Sikuwahi kujua tarumbeta ile ina sauti kubwa hivyo.

Sasa, upande wa pili wa pazia. Kwenye tundu akina mama waliona uso wa Haron. Tarumbeta ameilaza mapajani. Mdomo ameufunga. Anatabasamu. Na muziki unatoka! Nilimsikia Mama, ukumbi mzima ulimsikia, kwenye kipimo cha tano: "Huyo si Dalmas!" Mwenzake akasema labda anapigia puani. Mama akasema nyamazeni. Kipimo cha sita. Kisha akasema, taratibu, sauti imebadilika, "Lakini anayepiga ni Dalmas. Huyo ni mwanangu. Anavuta pumzi kama mtu anaingia mto wa baridi."

Kigelegele! Kumi na wawili kwa pamoja. Vipimo viwili vya mwisho hakuna aliyevisikia, hata mimi. Lakini Nyokabi aliingia mahali pake. Aliimba chini, kwa ile sauti ya uji, na leso zikatoka mapema kuliko siku zote. Bwana Mutiso aliongoza piano peke yake kwa mikono miwili, kana kwamba ni okestra ya watu mia.

Mwishoni akatuamuru tutoke mbele ya pazia tuinamishe vichwa. Mama aliniangalia kidonda kabla ya kuniangalia uso. Akasema nani amekupiga.

Nikasema muwa.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani mzee Lazarus alitoa do ya juu kabisa. Nikamfuata. Tarumbeta ni ya kanisa, na nilipoiazima nilimwambia mchezo una harusi ya kanisani. Upo ukweli, ukurasa wa mwisho. Leo amesema ameambiwa harusi ilikuwa nzuri.

Nimefikiri sana kuhusu wiki hii. Mtu akiitazama juu juu atasema nilimdanganya Mama. Lakini Jumatatu nilisema nitapiga peke yangu, na Jumamosi nimepiga peke yangu. Huo si uongo. Ni habari iliyotangulia. Na kama ningekuwa nimejifunza nota za mistari mitano kama Haron, wimbo usingekuwa na mtu. Kwa hiyo kutojua kwangu kumeokoa mchezo. Sioni mahali nilipokosea, isipokuwa muwa.

Bwana Mutiso alikuja kwetu baada ya ibada, na Haron pamoja naye. Mama aliwapa chai, akamkazia Haron macho muda mrefu, akamwambia ana uso mzuri ila hasikiki. Haron alicheka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani.

Bwana Mutiso ana mchezo mpya wa Krismasi, wapigaji ishirini. Anahitaji mtu wa kunakili karatasi zote, safi, kwa mistari mitano, na amenifikiria mimi kwa sababu ameona mwandiko wangu wa penseli. Akasema najua hujui, kijana, lakini je, utaweza kujifunza kwa muda huo? Nikafungua mdomo kusema nitajaribu.

Nikasema nishaanza zamani. Nimefika mbali.

Tulipomsindikiza Bwana Mutiso hadi barabarani, Haron alinivuta kando. Akasema si kazi ngumu, yeye alifundishwa kwa wiki mbili, niulize tu, Jumanne akitoka kazini atakuja anifundishe, bure, hata muwa asiletewe.

Nilimshukuru. Lakini mtu hawezi kukubali tu hivi hivi, siku moja baada ya kushangiliwa na akina mama kumi na wawili. Basi nikamweleza kwamba mimi sihitaji, ila nimeona yeye jana alibabaika kidogo, na kwa ajili ya urafiki niko tayari kumfanyia mtihani. Aje Jumanne. Atanieleza kila nota jina lake na kazi yake, mimi nitasikiliza kama amekosea.

Haron akakubali kufanya mtihani.

Aliuliza tu kama alete penseli mbili.